Okidi tatu kwenye kizingiti cha dirisha: shajara ya mradi

Lengo ni kuchukua mimea mitatu ya Phalaenopsis iliyomaliza kuchanua, miwili kati yake ikiwa taabani, na kuirudisha kwenye maua bila banda la kioo wala taa maalumu. Ingizo huongezwa kila hatua inapokwisha. Yaliyokwenda vizuri yametajwa kwa ufupi. Yaliyoharibika yameandikwa kwa urefu, maana hayo ndiyo yanayomfaa anayetaka kufuata. Gharama imehesabiwa kwa mizizi, majani na wiki zilizopotea.

2 Machi (siku ya 1): hali ya kuanzia

Dirisha linatazama mashariki. Jua huingia moja kwa moja tangu macheo hadi kama saa nne asubuhi, kisha hubaki mwanga mtupu. Joto ni nyuzi 27 mchana na 22 usiku, unyevu wa hewa asilimia 48. Inatosha: okidi hizi huridhika na unyevu wa asilimia 40 hadi 70. Ile trei ya kokoto na maji ambayo watu hupenda kuiweka chini ya chungu huongeza unyevu kidogo mno, kwa hiyo haikutumika.

Mmea A una majani matano, magumu, rangi ya nyasi. Mmea B una majani manne, yote yamelegea na kukunjamana kama ganda la pasheni lililosahaulika. Mmea C una majani matatu, la chini limeanza kuwa njano, na chungu chake kinatoa harufu ya tope.

Mtego uko kwa B. Jani lililokunjamana linasema mmea haupati maji, na mkono hukimbilia jagi. Lakini chungu chake ni kizito na magome yana majimaji. Maji yapo, mizizi ya kuyanywa ndiyo haipo, na kumwagilia hapo ni kuozesha hata ile iliyobaki. Kabla ya kumwagilia okidi iliyonyong'onyea, inua chungu. Kikiwa chepesi, ni kiu. Kikiwa kizito, mizizi imekufa, na tiba yake ni kinyume kabisa cha ile ya kwanza.

Porini Phalaenopsis huota juu ya matawi ya miti, mizizi ikining'inia hewani au ikiwa imegandama kwenye gome. Mzizi umevikwa tabaka la seli zilizokufa, velameni, linalofyonza maji ya mvua upesi kama sponji kisha hukauka. Mzizi wa namna hiyo unaweza kulowa kila siku usidhurike, mradi hewa inaupitia. Ukifungiwa ndani ya magome yaliyooza na kushikana, hukosa oksijeni na kuanza kuoza. Karibu kila uamuzi katika shajara hii unatokana na jambo hilo moja.

3 Machi (siku ya 2): kubadilisha vyungu

Mimea yote ilitolewa, magome ya zamani yakapukutishwa, mizizi ikaoshwa kwa maji ya uvuguvugu. Mzizi hai ni mgumu ukiubonyeza. Ukilowa huwa kijani, ukikauka huwa na rangi ya fedha. Uliokufa hubonyea, na ganda lake huchomoka na kuacha uzi mwembamba katikati. Rangi peke yake hudanganya, kwa sababu mzizi uliokaa gizani unaweza kuwa wa manjano au hudhurungi na bado ukawa mzima. Bonyeza kwanza ndipo ukate.

Hesabu baada ya kukata: A ilikuwa na mizizi 14, imebaki 12. B ilikuwa na 11, imebaki 4. C ilikuwa na 9, umebaki 1, nao una urefu wa sentimita 6 tu.

Mkasi ulichomwa kwenye moto kabla ya kuhamia mmea mwingine. Virusi vya okidi husambaa kwa utomvu unaobaki kwenye makali, na mmea ukishaambukizwa hakuna dawa.

Kitu kilichotushtua kilikuwa ndani ya A, uliokuwa ukionekana mzima kabisa. Katikati ya mizizi kulikuwa na kidonge cha sfagnamu, zile nyuzi laini zinazobeba maji mengi, kilichobaki tangu mmea ulipokuwa mche kwenye kitalu. Magome ya nje yalikuwa makavu, kidonge bado kinachuruzika. Mizizi miwili iliyokufa ilikuwa imekizunguka. Ukinunua okidi iliyochanua, tarajia kukikuta. Kitoe kwa kibano, taratibu, hata kama itachukua dakika ishirini.

Mchanganyiko wa A na B ni sehemu 6 za magome ya msonobari yenye vipande vya milimita 10 hadi 15, sehemu 1 ya mkaa uliovunjwavunjwa na sehemu 1 ya perlaiti, vile vipunje vyeupe vyepesi vya madini. C umewekwa kwenye sfagnamu mpya iliyolowekwa na kukamuliwa kwa nguvu hadi isitoe tone. Vyungu ni vya plastiki inayopitisha mwanga, vina matundu chini na ubavuni, na ukubwa umefuata mizizi, wala si majani: sentimita 12 kwa A, 10 kwa B, 8 kwa C. Chungu kikubwa kuliko mizizi hukaa na maji ambayo hakuna wa kuyanywa.

Kosa la siku: majeraha ya B yalipakwa unga wa mdalasini. Mdalasini hukausha, na kwenye jeraha la jani au shina hufanya kazi nzuri. Juu ya mizizi hukausha hata sehemu nzima. Unga ulipeperukia mzizi mmoja wenye afya, na baada ya siku nne ulikuwa umesinyaa sentimita 5 kutoka kwenye jeraha. Majeraha ya C yaliachwa yakauke hewani kwa saa chache bila kupakwa kitu, na hakuna kilichoharibika.

Hasara: mizizi 17 iliyokatwa, na juu yake huo mmoja wa uzembe.

9 Machi (siku ya 8): maji ya kwanza, na magome yanayoyakataa

Maji yalingoja siku sita ili majeraha yafunge. Kisha yakamiminwa juu ya magome mpaka yakatoka chini, kama maelekezo mengi yanavyosema. Mizani ya jikoni ikatoa siri: chungu cha A kilikuwa gramu 310 kabla, na 349 baada. Magome mapya makavu husukuma maji. Yanapita pembeni na kutoka, huku ndani ya kila kipande kukiwa bado kukavu.

Dawa yake ni kuloweka. Chungu kiliwekwa kwenye bakuli la maji yasiyo baridi, yakifika sentimita 2 chini ya ukingo, kwa dakika 25. Baada ya kuchuja kabisa, uzito ulikuwa gramu 421. Magome yangelowekwa usiku kucha kabla ya kupandia, tatizo lisingetokea.

Tangu hapo mizani ndiyo inayoamua. A hupoteza takriban gramu 13 kwa siku, na huloweshwa tena unapofika 330, yaani baada ya wiki moja hivi. Namba hizi ni za chungu hiki kwenye dirisha hili. Pima chako kikiwa kimelowa na kikiwa kikavu, uandike ubavuni kwa kalamu ya wino usiofutika. Asiye na mizani atazame mizizi kupitia plastiki: ikiwa bado kijani, ngoja, ikiwa ya fedha na ukungu umekwisha kwenye kuta za chungu, lowesha.

Kila mmea una maji yake, hawachangii bakuli. Kazi hufanyika asubuhi. Maji yakituama katikati ya majani hunyonywa kwa karatasi laini, maana yakilala hapo usiku kitovu huoza. Phalaenopsis huota kwa ncha moja tu. Ncha hiyo ikioza, mmea hautoi tena jani jipya juu.

21 Machi (siku ya 20): A umeungua

A ulisogezwa karibu na kioo, kwa fikra kwamba mmea wenye nguvu unahitaji mwanga zaidi. Baada ya asubuhi mbili zisizo na wingu, jani la juu lilikuwa na baka jeupe la upana wa sentimita 3, siku ya pili likawa hudhurungi na kavu kama karatasi. Joto la chumba halikubadilika; lililopanda ni joto la jani lenyewe. Jani nene halipoi haraka, na nyuma ya kioo hakuna upepo.

Pazia jembamba jeupe limewekwa kati ya kioo na mimea. Luksi, yaani kipimo cha ukali wa mwanga, zimeshuka hadi kati ya 10,000 na 15,000 asubuhi, kiasi kinachofaa. Kwa asiye na kipimo, nyoosha mkono sentimita 30 juu ya jani. Kivuli chenye kingo kali kinaashiria jua limezidi, chenye kingo zilizofifia ni sawa, na kisipoonekana kabisa mmea utaishi ila usitarajie maua. Kisha gusa jani saa tatu asubuhi. Likiwa na joto kuliko mkono wako, sogeza mmea.

Baka halitapona na jani halitakatwa. Sehemu iliyobaki kijani bado inaulisha mmea.

6 Aprili (siku ya 36): C ndani ya mfuko

Mmea wenye mzizi mmoja hauwezi kufidia maji yanayotoka kwenye majani. C ulifungwa ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki unaopitisha mwanga ili hewa ya ndani iwe na unyevu, mbali na jua la moja kwa moja. Mfuko juani hugeuka tanuri. Wiki ya kwanza majani yalikaza kidogo. Wiki ya pili sfagnamu ikaota ukungu mweupe, na sentimita 2 za ncha ya ule mzizi pekee zikawa nyeusi.

Makosa yalikuwa mawili. Mfuko ulifungwa kabisa bila hewa kupita, na sfagnamu ilinyunyiziwa maji ilipokuwa bado na unyevu. Marekebisho: sfagnamu mpya iliyolowa juu juu tu, matundu sita ya upana wa kidole kwenye mfuko, na mdomo wake kufunguliwa nusu saa kila asubuhi. Majani hayanyunyiziwi kitu.

Jani la chini la C limekuwa njano lote na kuanguka. Hilo ni la kutarajiwa, kwani mmea ulio taabani hunyonya akiba ya jani kuukuu kwanza. Njano inayoanzia juu, kwenye kitovu, ndiyo ya kuogopa. Leo kwenye shina la C kimeonekana kinundu cha kijani, ukubwa wa punje ya mtama. Ni mzizi.

11 Mei (siku ya 71): mbolea iliyozidi

Mbolea ilianza 7 Aprili kwa A na B, nusu ya kipimo cha pakiti, kila maji. Wiki ya nne ncha tatu za mizizi ya A, zilizokuwa kijani na kung'aa, ziligeuka hudhurungi na kusimama. Ukingo wa chungu ulikuwa na ganda jeupe la chumvi.

Velameni hunyonya chochote kilicho ndani ya maji, na magome yanapokauka chumvi hubaki na kujikusanya. Maji ya bomba yenye chokaa huzidisha. Sasa ni robo ya kipimo, mara tatu mfululizo, na mara ya nne ni maji matupu mengi, mara tatu ya ujazo wa chungu, ili kusafisha. Mbolea haipewi mizizi mikavu, maji hutangulia. Soma pia aina ya nitrojeni kwenye pakiti: yurea hutegemea bakteria kuigeuza kabla haijatumika vizuri, na kwenye magome kazi hiyo huenda polepole. Nitrati ni bora. C hautapewa mbolea mpaka uwe na mizizi mitatu.

B una mizizi miwili mipya. Majani yake ya zamani yangali yamekunjamana, na huenda yakabaki hivyo. Afya ya B inasomwa kwenye jani jipya lililo katikati, ambalo ni gumu na halina mikunjo.

1 Juni (siku ya 92): usiku wa baridi

Wengi husubiri maua kutoka kwenye pakiti ya mbolea. Kinachoamsha kikonyo cha maua ni baridi. Phalaenopsis ikikaa kwenye nyuzi 28 na zaidi huendelea kutoa majani tu. Mchana ukishuka chini ya nyuzi 25 hivi na usiku ukiwa 16 hadi 18, kwa wiki nne au zaidi, vikonyo huanza. Ndiyo maana okidi iliyo katika chumba chenye joto moja mwaka mzima hukaa na majani mazuri bila ua.

Usiku umeanza kupoa, na dirisha linaachwa wazi kidogo kuanzia saa mbili. Wiki tatu za Mei zilipotea bure kwa sababu kipimajoto kilikuwa ukutani, mita mbili kutoka dirishani. Kilisoma 18 tukaridhika. Kilipohamishiwa kati ya vyungu kilisoma 21, kwa sababu ukuta wa upande ule hupoa na kizingiti cha zege hutunza joto la mchana. Vyungu sasa vimeinuliwa juu ya ubao, na usomaji ni 17. Chini ya 13 si pa kuingia. Majani hupata madoa yaliyozama.

C hauhusiki. Mmea usio na mizizi ukichanua hujimaliza.

8 Julai (siku ya 129): kikonyo, na kisichokuwa kikonyo

A na B zote zimechomoza kitu. Kikonyo hutoka kwenye kwapa la jani, mara nyingi la pili au la tatu kutoka juu, na ncha yake ni bapa, imepinda kama glavu yenye kidole gumba. Mzizi hutoka popote kwenye shina, ncha yake ni duara na inang'aa. Kwa siku kumi za kwanza ni vigumu kutofautisha. Cha A ni kikonyo kweli. Cha B, kilichokuwa kimeandikwa hapa kama kikonyo, kimegeuka chini na kuingia kwenye magome. Ingizo limefutwa.

3 Agosti (siku ya 155): vidung'ata

Kikonyo cha A, sentimita 14, kilikuwa na matone yanayonata. Matone hayo peke yake si ugonjwa, maana okidi nyingi hutoa utomvu mtamu kwenye vikonyo. Tulipumzikia hapo, na tulikosea. Wiki moja baadaye pamba nyeupe zilionekana ndani ya makwapa ya majani: vidung'ata, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu. Mahali pa kutazama ni chini ya ganda dogo la kila kifundo na nyuma ya jani linapokutana na shina.

Spiriti ya asilimia 70 kwa kijiti cha pamba, kila mdudu aguswe. Mara ya kwanza kazi ilifanywa mara moja na kuachwa. Siku ya tisa walikuwepo tena, kwa kuwa mayai yaliyofichwa yalikuwa yameanguliwa. Sasa ni kila siku ya saba, mara nne, hata kama hakuna anayeonekana. Mmea umetengwa na wenzake kwa mwezi mzima. Spiriti isimwagike juu ya mizizi, na majani yasirudi juani kabla hayajakauka.

14 Septemba (siku ya 197): matumba yanaanguka

A ulikuwa na matumba tisa. Kati ya tarehe 5 na 11, matatu yaligeuka njano na kudondoka. Mambo mawili yalibadilika wiki hiyo: bakuli la matunda yanayoiva liliwekwa mita moja kutoka dirishani, na chungu kiligeuzwa nusu duara ili kikonyo kinyooke.

Matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, na matumba ya okidi huathirika nayo hata ikiwa kidogo. Kugeuza chungu hakuangushi matumba kwa kawaida, ila huharibu mpangilio: kila tumba hujizungusha likifuata mwanga na uzito wake, na ukiligeuza katikati ya safari maua hutazama kila upande. Bakuli limeondolewa, chungu kimerudishwa kama kilivyokuwa na alama imechorwa kuelekea dirishani. Tangu hapo hakuna tumba lililoanguka. Kwa kuwa vyote viwili vilirekebishwa siku moja, ethilini inabaki mtuhumiwa mkuu tu. Matumba mawili ya ncha yametazama kushoto na hayatarudi.

Kijiti cha kuegemea kiliwekwa wakati kikonyo kina sentimita 20, kwa vibano viwili, kikikunjwa kidogo kidogo kwa siku nne. Hilo lilikwenda salama.

19 Oktoba (siku ya 232): ua la kwanza

A umefungua ua la kwanza, la chini kabisa, siku 103 tangu kikonyo kionekane. Mengine matano hufuata kuelekea ncha, moja kila baada ya siku chache. Jina Phalaenopsis, alilolitoa Carl Ludwig Blume mwaka 1825, lina maana ya kufanana na nondo, na kwenye ua hili jeupe mtu anaelewa alichokiona.

B haukuchanua. Una majani matano sasa, mizizi hai tisa, na utapewa baridi msimu ujao. C una mizizi minne na jani jipya la sentimita 4. Umetoka mfukoni kwa awamu, saa mbili zaidi kila siku kwa wiki mbili, kisha ukahamishiwa kwenye magome madogo ya milimita 5 hadi 10.

Kikonyo cha A hakitaguswa hadi ua la mwisho lidondoke. Kikibaki kijani na jani jipya likiwa limekua, kitakatwa sentimita 1 juu ya kifundo cha tatu kutoka chini, kwa kuwa kutoka hapo tawi la pili la maua huweza kutokea. Kikikauka, au majani yakianza kulegea, kitakatwa karibu na shina. Magome ya A yatabadilishwa miezi 18 hadi 24 tangu Machi, au mapema zaidi yakianza kuvunjika kwa kidole.